Mkanda wa Pili

Kila mwaka mwezi wa kumi, korosho zikianza kudondoka, Bi Tatu wa Mpapura huniletea kopo la korosho. Kopo ni lile la maziwa ya unga, kubwa, na korosho zilizomo amezibangua mwenyewe kwa mkono, nzima nzima, hazina kipande. Kwa wasiojua kubangua niseme tu kwamba ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Ukimaliza kopo zima vidole vimebabuka, na weusi wake unakaa wiki mbili hata usugue kwa ndimu. Nimevitazama vidole vya Bi Tatu miaka kumi na saba, nikapokea kopo, nikasema ahsante, nikala.

Zile korosho si zawadi. Bi Tatu huniomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, na mtu pekee duniani aliyejua kwamba hakulifanya ni mimi.

Naitwa Faraji. Nina duka dogo Mtwara mjini, nyuma ya soko. Ubao wa nje bado umeandikwa Faraji Studio, ingawa studio yenyewe siku hizi ni kiti kimoja na shuka la bluu la picha za pasipoti. Kinachonilisha ni fotokopi na kuwafunikia watu vyeti kwa plastiki. Zamani nilikuwa mpiga picha. Siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha. Hata mbuzi akiikanyaga simu anapata picha nzuri. Sisi tulipiga kwa mkanda. Mkanda mmoja picha thelathini na sita, ukikosea umekosea, na hujui kama mteja alifumba macho mpaka umeupeleka kusafishwa. Kwa hiyo tulikuwa wachoyo wa picha, na uchoyo ndio ulioniponza.

Kulikuwa na mkanda mmoja wa rangi tuliouita Zambarau kwa sababu ya boksi lake. Mikanda mingi ya wakati ule ilikuwa haijui kutupiga sisi. Ukimpiga mtu mweusi kivulini anatoka kama kapakwa majivu, au hatoki kabisa, unaona meno na kola ya shati. Zambarau ulikuwa unajua. Ulitoa weusi wenye wekundu ndani yake, kama bibo la mkorosho lililoiva upande mmoja, na kanzu nyeupe ikabaki nyeupe. Mtu akipokea picha yake ya Zambarau alikuwa anaisogeza karibu na macho, kisha anasema, "Ndiyo mimi huyu." Wapo niliowapiga miaka kumi kwa mikanda mingine bila kuwasikia wakisema hivyo.

Mwaka elfu mbili na sita kiwanda kikaacha kuutengeneza. Hakuna aliyetuandikia barua. Muuzaji wangu wa Dar es Salaam aliniambia kwenye simu kwamba haupo na hautakuwepo tena. Nikambembeleza anitumie yoyote iliyobaki, akanitumia mitatu kwa basi. Kwa nilivyojua mimi ndiyo ilikuwa ya mwisho Mtwara nzima. Niliiweka kwenye friji kando ya samaki, na mke wangu Mwanaisha akanuna wiki nzima, akisema kama ni mali basi ningeipeleka benki.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, niliitwa Mpapura. Watoto watano walikuwa wanatoka jandoni na familia zao zilitaka picha. Nilikuwa na kamera inayovuta mkanda yenyewe, ukipiga inalia kwa sekunde moja hivi ikijiandaa kwa picha nyingine, na watu waliipenda kwa mlio ule. Ndani yake kulikuwa na mkanda wa kawaida. Mkobani nilikuwa na Zambarau mmoja. Ule haukuwa wa kazi. Kesho yake nilipanga kwenda Msimbati, nishuke mpaka pale Ruvuma unapoingia baharini, nipige maji ya udongo yakikutana na maji ya kijani. Nilijiambia mkanda wa namna ile ni wa kupigia kitu ambacho dunia itakitazama.

Watoto wanne wa kwanza niliwapiga vizuri. Mmoja alivaa miwani ya jua ya mjomba wake, ikawa inamshuka puani kila nikihesabu moja mbili tatu. Mwingine alikataa kuachia mwavuli. Kisha wazazi wakataka, mabibi wakataka, na mashemeji nao hawakubaki nyuma. Picha ya thelathini na sita iliishia kwa shangazi wa mtu, na sijui hata wa nani. Aliyebaki alikuwa Mussa, mtoto wa pekee wa Bi Tatu, mjane.

Mkono wangu uliingia mkobani, ukaligusa boksi la Zambarau, ukatoka mtupu. Ningeweza kusema mkanda umekwisha. Lakini mpiga picha akisema hivyo mbele ya ngoma na umati anaonekana mbabaishaji, na mimi nilikuwa na jina. Basi nikafanya jambo ambalo wapiga picha wa enzi zile tulilifanya bila kulisema. Nilipiga hewa. Unatoa mkanda uliokwisha, unafunga kamera tupu, flashi inawaka, watu wanafurahi. Kupiga hewa kulikuwa kwa walevi wanaokung'ang'ania kwenye harusi. Mimi nilimpigia hewa mwali aliyetoka jandoni, mara nne, mama yake akipiga vigelegele nyuma yangu.

Wale wanne walipata picha zao. Bi Tatu nilimwambia za Mussa ziko kwenye mkanda wa pili, aje wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo. Nilikusudia kurudi Mpapura na mkanda wa kawaida, nimpige mtoto upya, niseme zile za kwanza hazikutoka. Nilikusudia kabisa.

Mwezi wa kumi na mbili, asubuhi, nilimwona dirishani akivuka barabara kuja dukani. Sikuwa na hadithi mpya ya kumpa. Nikaingia chumba cha giza, chumba kidogo sawa na choo nilichokuwa nikitolea mikanda iliyokwama kwenye kamera, nikavuta mlango, nikabana humo kama mwizi wa kuku. Alipiga hodi mara tatu. Nikakohoa, vumbi tu. Akasikia, akafungua mlango.

Mwanga uliponipiga usoni ulimi ulitangulia akili. Nilimfokea. "Mama, unafanya nini! Ndiyo kwanza nilikuwa nautoa mkanda wa mwanao! Umeuunguza wote!"

Alibaki ameshika kitasa. Kisha akakaa palepale sakafuni, akaniambia Mussa hayupo. Siku tisa nyuma alikwenda na mjomba wake Kilambo, wavuke kuwaona ndugu upande wa pili wa Ruvuma, na mtumbwi ukapinduka. Mjomba alipatikana. Mussa hakupatikana, hata wa kuzika. Alikuja kuchukua zile picha kwa sababu hakuwa na nyingine. Mtoto yule alikuwa hajawahi kupigwa picha kabla ya siku ile ya jando, na siku ile pia hakupigwa, ila hilo nililijua mimi tu.

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalifika mdomoni nikayameza. Nilijiambia, yuko msibani, nimwongezee na hili? Niliuita woga wangu huruma. Yeye akasimama, akajifuta uso kwa kanga, akaniomba msamaha kwa kuniharibia kazi. Aliniomba msamaha mimi.

Mwezi wa kumi uliofuata alileta kopo la kwanza. "Baba Rukia," alisema, maana binti yangu anaitwa Rukia, "mie sikungoja kuitikiwa hodi. Pokea." Nikapokea. Mwanaisha akazikaanga na chumvi, akasema mama yule ana moyo. Na ule Zambarau wa mkobani nilikwenda nao Msimbati kesho yake ya jando kama nilivyopanga. Nina picha thelathini na sita za maji ya Ruvuma.

Mwaka huu, mwezi wa tisa ukielekea kuisha, aliingia dukani kijana anaitwa Kelvin. Ni wa Dar es Salaam, amekuja kukaa na dada yake, mwalimu wa sekondari hapa mjini. Shingoni alining'iniza kamera iliyomzidi umri.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa unaweza kuwa na mikanda ya zamani."

"Marahaba. Simu yako imeharibika?"

Akacheka. Aliniambia wako vijana wengi siku hizi wanaotafuta mikanda iliyoacha kutengenezwa, na akaitaja mmoja mmoja kama mtu anayetaja marehemu wa ukoo wao. Alipofika kwenye Zambarau akashusha sauti.

"Una nini mkanda ule hata uuhangaikie hivyo?" nilimuuliza, na jibu nilikuwa nalijua.

"Bibi yangu alikuwa mweusi hasa," alisema. "Picha zake zote ni kivuli kilichovaa kilemba. Ipo moja tu yenye uso, alipigwa mwaka tisini na nane. Nyuma imeandikwa jina la mkanda. Simu inanipa picha kabla sijajua nimeona nini, halafu inairemba yenyewe. Ile ya bibi haijarembwa, mzee. Ni yeye."

Nilijisikia vizuri mno. Miaka mingapi mtu hajaniuliza jambo kama lile? Nikafungua kabati, nikamtolea albamu ya Ruvuma. Aliitazama taratibu, akawa anairudia kurasa.

"Maji mazuri," alisema mwishowe. "Na watu? Huna watu wa Zambarau?"

"Picha za wateja huenda na wateja," nikamjibu. Nilimpitisha nyumbani, nikamwonyesha na mikanda miwili iliyobaki kwenye friji, lakini sikumpa. Watu husema akiba haiozi. Mkanda unaoza polepole hata ukiwa kwenye baridi, na rangi zake zinahama. Kelvin akasema hilo nalo vijana wanalipenda, kutojua rangi zimehamia wapi.

Baada ya wiki moja alirudi, na nyuma yake aliingia Bi Tatu na kopo lake.

"Mzee, kumbe ni wewe," Kelvin alisema, macho yanawaka. Alikuwa amekwenda Mpapura kupiga picha za watu wakiokota korosho. Bi Tatu alipoiona ile kamera ya mkanda akamsimulia habari yake yote, mtoto, jando, mlango. "Nimemwambia mama asikate tamaa. Mkanda ukiwa umejikunja, mlango ukafunguliwa mara moja ukafungwa, inayoungua ni mizunguko ya nje. Ya ndani inaweza kuwa hai mpaka leo. Mimi nasafisha mwenyewe, dawa ninazo. Hata ikitoka sura moja ya ukungu, kompyuta inasaidia."

Bi Tatu hakukaa. Alilishika kopo kwa mikono miwili. "Uliutupa, Baba Rukia?"

Nilikuwa na jibu jepesi. Ningesema niliutupa, wangesikitika, wangekwenda zao, na uongo wangu ungelala ulikolala. Lakini Kelvin alikuwa ananitazama kana kwamba mimi ni mtu mkubwa, na Bi Tatu ananitazama kama mlango wa mwisho uliobaki. Nikataka kuwa mtu wa namna ile, mtu anayeweza kutunza mkanda wa mtoto wa watu miaka yote hiyo.

"Ninao," nilisema.

Bi Tatu aliweka kopo juu ya meza taratibu, kana kwamba lina yai ndani, akajifunika mdomo kwa kanga.

"Ni mkanda gani?" Kelvin aliuliza.

"Zambarau." Uongo ukishaanza safari haupendi kwenda peke yake.

"Ulipiga jando la kijijini kwa Zambarau," alisema kijana yule, akatikisa kichwa. "Mzee, wewe ni mtu."

Nikawaambia wanipe mpaka Jumamosi niutafute, nitaupeleka Mpapura mwenyewe.

Alhamisi mchana, Mwanaisha akiwa sokoni, nilitoa mkanda mmoja kwenye friji. Kelvin anajua kazi. Mkanda ambao haujawahi kuona mwanga ukisafishwa unatoka mweupe, na angejua papo hapo kwamba haukupigwa kitu. Ilibidi uungue kweli, kuanzia mzunguko wa nje hadi wa ndani. Nikasimama uani jua la saa saba likiwa utosini, nikaushika ulimi wa mkanda, nikauvuta.

Ulitoka wote, kahawia iliyopauka, mrefu kunizidi, ukaniangukia miguuni. Nilikuwa nimeutunza miaka kumi na tisa. Samaki walikuja wakaenda kwenye friji ile, umeme ulipokatika niliufunga kwa taulo na barafu, nilishawahi kugombana na mke wangu kwa ajili yake. Siku ile ya jando picha moja tu ingetosha. Sikuweza kutoa moja kwa mtoto aliye hai, na leo nimetoa thelathini na sita kwa ajili ya kumdanganya mama yake. Mkanda uliojua kuzitoa nyuso kama ya Mussa niliupigia maji mara ya kwanza, na mara ya pili nimeupigia jua. Niliona haya peke yangu uani, hata kuku nikaona wananitazama. Na bado niliurudisha ndani ya kopo lake, nikiuviringisha kidogo kidogo kwa vidole. Nataka hilo lieleweke. Niliona haya na nikaendelea.

Jumamosi baada ya adhuhuri Kelvin alinipitia kwa bodaboda. Tulipita Naliendele, tukaiacha lami, na njia nzima alikuwa ananiambia jinsi atakavyousafisha, joto la maji, dakika, kila kitu. Kwenye mfuko wa kulia wa shati nilikuwa na mkanda ulioungua. Kwenye wa kushoto nilikuwa na ule Zambarau wa mwisho, nimpe Kelvin. Nilidhani nikimpa ule nitapata nafuu.

Nilitegemea kumkuta Bi Tatu na majirani wawili. Nilikuta mikeka imetandikwa ua mzima, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine. Mzee Ismaili, mwalimu wa madrasa, alikuwa amekaa katikati na msahafu. Yule mtoto wa miwani ya jua alikuwepo pia, sasa ni mtu mzima mwenye ndevu na mtoto mapajani. Wakanikaribisha mbele kabisa. Bi Tatu akaniwekea sahani ya korosho.

"Baba Rukia," alisema. "Tumekusanyika kuuombea dua mkanda huu ufunguke. Lakini mie naona bado una kinyongo ndani yake, na kitu chenye kinyongo hakifunguki. Mwenye mkanda nilimkosea, na miaka yote hii ananipokea vizuri, ila hajawahi kutamka mbele ya watu kwamba amenisamehe." Akaniletea mikono yake yote miwili, viganja juu. Vidole vilikuwa vyeusi, ngozi ya kucha imebanduka. "Mie ndiye niliyefungua mlango. Sikungoja kuitikiwa. Nimeinyima familia hii sura ya mtoto wetu kwa mkono wangu. Nisamehe, halafu mzee asome."

Watu wote wakanitazama mimi. Neno lenyewe ni jepesi, nimekusamehe. Nimelisema mara ngapi kwa mtu aliyenikanyaga sokoni. Nilifungua mdomo, likakataa kutoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na mkeka.

"Hapakuwa na mkanda," nilisema.

Mzee Ismaili alifikiri sikuelewa. "Mkanda si huo unaotuna mfukoni mwako?"

"Huu niliuunguza mwenyewe juzi, uani kwangu. Siku ile kamera ilikuwa tupu. Nilimpiga Mussa hewa. Mkanda nilikuwa nao mkobani, nikauonea choyo." Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, nyembamba. "Bi Tatu hakuunguza kitu. Nilimwona anakuja dukani, nikajificha chumbani asinikute. Alipofungua nikamsingizia."

Nilingoja matusi. Yangenisaidia. Mwanamke mmoja alisema astaghfirullah, polepole. Kelvin alikuwa anaitazama kamera yake kana kwamba imemwagikiwa na kitu. Yule wa miwani ya jua akamwinua mtoto wake, akatoka uani bila kunitazama.

Bi Tatu alikuwa bado amenyoosha mikono. Akairudisha mapajani.

"Kwa hiyo si mie," alisema.

"Si wewe, mama."

"Mie hulala nauona mlango ule."

Nikafanya upumbavu mwingine, nikautoa kwenye mfuko wa kushoto ule Zambarau wa mwisho, nikauweka mkekani. Nikasema Kelvin ana kamera, ampige yeye na ndugu zake wote, hakuna mkanda unaotoa sura zetu kama ule.

"Mie wa nini?" aliuliza. Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, kisha akauacha mkanda palepale.

Kisha akajisogeza karibu yangu kidogo.

"Ulimtazama lakini. Kwenye kile kidirisha cha kamera. Mie nilikuwa nyuma yako, nilimwona kichwa tu kwa ule umati. Sura inanipotea, Baba Rukia. Macho ninayo, mdomo sina tena hakika nao. Niambie alisimamaje."

Nikatafuta. Wallahi nilitafuta. Niliiona miwani ya jua ikimshuka mtu puani, nikauona mwavuli, nikamwona na yule shangazi, kanga yake hadi maandishi. Pale alipokuwa Mussa niliona ukuta wa udongo na mwanga wa flashi. Anayepiga hewa hana haja ya kutazama.

"Sikumtazama," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyezoea. Na hapo ndipo kitu kiliponijia, si sura, ni sauti. Miaka yote nilikuwa nimeikalia.

"Aliniuliza kitu," nilisema. "Alisema, 'Mjomba, mbona ya kwangu haijalia?' Kamera ile inalia ikivuta mkanda. Alikuwa amekaa anawangoja wenzake wanne, akaushika mlio wake. Ya kwake haikulia."

Bi Tatu akafumba macho. Midomo yake ikacheza, akiyarudia maneno yale bila sauti. "Ndiye," alisema. "Ndiye huyo. Hapitwi na kitu mtoto yule." Mwanamke mmoja akacheka huku analia, akasema wallahi ndiye Mussa. Kwa muda kidogo alikuwepo pale uani, na kila mtu alimwona isipokuwa mimi.

Kisha Bi Tatu akafumbua macho, akanitazama.

"Na wewe ukamjibuje?"

Hilo nalo nilikuwa nalikumbuka.

"Nilimwambia anyamaze, ataharibu picha."

Bi Tatu akaivuta kwake ile sahani ya korosho iliyokuwa mbele yangu, akaifunika kawa, akamwambia Mzee Ismaili aanze dua ya Mussa.